Sauti Yangu Ukutani kwa Mama

Kabla sijawa sauti ya ukutani, nilikuwa sauti ya chupa. Nauza dawa za mifugo, mbegu na mbolea katika duka moja mjini Migori, aina ya duka ambalo huku kila mtu huliita agroveti, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa haikuwa kuuza bali kurudia maneno. Changanya na maji. Usinyunyize jua likiwa kali. Hii si ya kunywesha, ni ya kupaka. Mteja anaitikia kwa kichwa, anafika kwake, anasahau, kisha anarudi kuniambia kwamba dawa yetu ni bandia. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo kama mayai ya chawa, tena ni ya Kiingereza, kwa hiyo hata aliyesoma anakuja kuniuliza mimi.

Mwenye duka alikwenda mkutano wa wafanyabiashara Kisumu akarudi na jambo jipya. Nirekodi maelezo ya kila dawa kwa sauti yangu, tuyaweke mtandaoni, kisha tubandike msimbo wa QR kwenye chupa, ule mraba wenye madoadoa meusi ambao ukielekezewa kamera ya simu unafungua kitu. Mkulima akifika nyumbani anauskani, ananisikia. Nilichaguliwa mimi kwa sababu Kijaluo nimezaliwa nacho, Kikuria nimekikuta kwa mume, na Kiswahili ndicho tunachosemezana mimi na huyo mume tangu tulipojuana, kila mmoja akiogopa kuiharibu lugha ya mwenzake.

Wakulima walipenda. Mwenye simu ya mulika mwizi, ile ya tochi isiyo na kamera, alibeba chupa yake hadi kwa jirani mwenye simu ya kupangusa, wakakaa pamoja wakanisikiliza. Watu wa Lambwe walinipa jina, Mama Chupa. Mzee mmoja wa Kegonga alikuja dukani na chupa tupu mkononi, akapita moja kwa moja hadi kwenye kaunta.

"Mimi nataka kuongea na ule mama wa kwa chupa," aliniambia.

"Ni mimi, baba."

Alinitazama kutoka kichwani hadi kiunoni, pale kaunta ilipomzuia kuendelea. "Hapana. Ule iko na heshima. Anasema pole pole mpaka unaelewa. Wewe umenifokea sasa hivi tu juu nimeacha mlango open."

Duka zima lilicheka. Nami nilicheka, ingawa ilinichoma kidogo, maana mzee hakukosea. Nina hasira za karibu na sijawahi kuzificha. Mbele ya simu inayorekodi, sijui kwa nini, hutoka mtu mwingine mwenye subira ambaye hata watoto wangu hawamjui. Tukaendelea na kazi.

Mama yangu anaishi kisiwani Rusinga, katika boma tulimozaliwa sote. Alipoanza kusahau tulimcheka naye akacheka. Alitia chumvi mboga ile ile mara ya pili, alimtafuta kuku ambaye alikuwa amemchinja mwenyewe asubuhi. Kisha akaanza kuamka na kwenda ziwani kupokea samaki wa baba, na baba tulimzika nikiwa bado shuleni. Daktari wa Homa Bay alikuwa kijana mpole. Alimwuliza mama maswali, akaandika, akatuambia kwamba ugonjwa huu hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na kwamba sisi ndio tutakaojifunza kuishi nao, si yeye. Nilimkasirikia daktari kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Watu waliniuliza kwa nini sikumchukua nikae naye Migori. Walioniuliza hivyo walikuwa wageni wa mbali, maana watu wa huku hawawezi kuuliza. Kwetu, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono, hawali wakitazamana, na chumba anacholala mmoja mwingine hakanyagi. Kwa Wakuria wa mume wangu ni vivyo hivyo. Mama mtu kuhamia kwa mkwe wake, akaoge kwake, akaugulie kwake, ni aibu ambayo hata njaa haiifuti. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema kuliko mimi, alipendekeza tumkodishie mama chumba kwingine mjini, mbali kidogo na sisi. Wakati huo mama bado alikuwa na akili zake kwa saa nyingi za mchana. Aliniuliza, "Nikafie mlangoni kwa mkwe?" Hatukurudia tena hayo maneno.

Kwa hiyo mama alibaki Rusinga na mke wa kaka yangu. Kaka mwenyewe anafanya kazi za mjengo Nakuru na huja akipata nafasi. Huyu wifi yangu ni mwanamke wa kazi, ana shamba, ana kuku, ana kwaya kanisani, na juu ya hayo yote akamwongeza mama mgonjwa bila kuniuliza mimi nimeleta nini. Mama hakuwa mbishi kwa watu wote, alikuwa mbishi kwa wifi tu. Chakula hali mpaka binti yake aseme ale. Kuoga haogi mpaka binti yake aseme maji yako tayari. Nyara, ndivyo anavyoniita, yaani binti yangu, na hilo ndilo neno lililobaki mdomoni mwake mengine yalipokuwa yakidondoka. Wifi alikuwa akinipigia simu nikiwa katikati ya wateja, mikono inanuka dawa ya kupe. "Ongea naye, amefunga mdomo tangu asubuhi." Nikiongea, anakula. Mtandao ukikatika kabla hajamaliza, anatema.

Kuna siku nilizipokea simu hizo na siku sikuzipokea. Nilijaribu kumtumia wifi sauti za kuhifadhi, lakini zilizama chini ya video za kwaya, na yeye hakuweza kuzitofautisha. Wakati wa chakula mama alisikia nikimhimiza avae sweta. Ndipo nikaikumbuka miraba ya dukani, nikajiona mjanja kupita wajanja wote wa Migori.

Niliirekodi sauti ya chakula, sauti ya kulala, sauti ya kuoga. Nilizipandisha mtandaoni kama zile za dawa, nikachapisha miraba kwenye karatasi za kunata, nikaifunika kwa plastiki, nikaenda nayo Rusinga. Mraba wa chakula niliubandika kwenye ukuta wa jikoni. Wa kulala karibu na kitanda cha mama. Wa kuoga ndani ya chumba hicho hicho cha mama, nyuma ya mlango, kwa sababu alikuwa akiogeshwa humo kwenye karai. Wifi alichotakiwa kufanya ni kuelekeza simu tu. "Mama, ni mimi," ilisema sauti ya jikoni. "Nimekupikia. Kula pole pole, nipo hapa." Mama aligeuza kichwa, akatabasamu, akafungua mdomo. Wifi alinitazama kama mtu aliyetuliwa gunia, tukakumbatiana pale pale jikoni.

Nilirudi Migori nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu ugonjwa uanze. Wifi alinitumia habari njema. Amekula yote. Ameoga bila vita. Amelala. Nilimwambia kila mteja, hata aliyekuja kununua mbegu ya sukumawiki. Kwa mara ya kwanza niliamini kwamba mama atakufa, ndiyo, kila mtu hufa, lakini atakufa akijua kwamba nipo. Sikuwa naomba zaidi ya hapo. Asinisahau mimi. Majirani awasahau, baba amsahau, hata jina lake mwenyewe, mradi mimi nibaki.

Dalili ya kwanza ilikuwa sahani. Wifi aliikuta chini ya mraba wa jikoni, omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali, sisimizi wamejaa. Alipouliza, mama alisema anamwekea mtoto, maana anaongea tu mchana kutwa na hakuna anayempa kula. Siku nyingine alimkuta akiusugua mraba kwa kitambaa chenye sabuni, akimwosha uso huyo mtoto, mpaka madoadoa yakafifia na simu ikakataa kuyasoma. Nilichapisha mwingine. Tulicheka kidogo na wifi, kicheko cha kujipa moyo.

Kisha likaja la karai.

Sauti ya kuoga ilikuwa ndefu, kwa sababu kumwogesha mama kulichukua muda. Niliirekodi nyumbani, Jumamosi alasiri, watoto wametoka. "Mama, maji ni ya uvuguvugu. Vua gauni. Vizuri. Sasa mgongo." Kuelekea mwisho wake mume wangu aliingia kutoka kazini, akasema alichokisema, akapita chumbani. Niliisikiliza ile sauti kabla ya kuipandisha, nami nikaona iko sawa. Sauti ya mume wangu nimeizoea kama nilivyozoea mlio wa friji, siisikii tena mpaka inyamaze. Kwa muda wifi alikuwa akiikata njiani, mama akishaogeshwa. Siku hiyo aliiacha iendelee kwa sababu alitaka kumsugua miguu vizuri na kumpaka mafuta. Mama amesimama kwenye karai, uchi kama alivyozaliwa, na ndani ya chumba chake, wazi kabisa, sauti ya mkwe wake ikasema, "Mama watoto, nimefika. Joto ya leo si mchezo. Wacha nitoe hii shati."

Mama hakupiga kelele. Alivuta shuka kitandani, akalipindua karai, akatoka kwa mlango wa nyuma akaingia kwenye mtama. Wifi alimkuta amechutama huko, shuka limelowa, ameupa uso upande wa ziwa na nyumba ameipa mgongo. Alikuwa akinong'ona. "Kuna mkwe mle ndani," alisema. "Mtoeni kwa heshima. Msimwambie kwamba nilikuwepo."

Wifi aliponipigia nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikashika kaunta. Halafu nikamsikia wifi upande wa pili hacheki, na nyuma yake nikamsikia mama akiendelea kunong'ona, nikanyamaza.

Nilimweleza mume wangu kwa sababu sikuweza kukaa nalo peke yangu. Aliketi akashika kichwa.

"Mimi nimetoa shati mbele ya mama yako," alisema.

"Hukuwa mbele yake. Ulikuwa hapa Migori."

"Lakini amenisikia."

"Amesikia simu."

"Na yeye anajua ni simu?"

Nilianza kukunja nguo za watoto.

"Nitume mbuzi?" aliuliza. "Kwetu kitu kama hii lazima usafishe. Siwezi kukaa hivi tu."

"Na huyo mbuzi ataenda kusema nini? Kwamba umeingia chumbani kwake ukiwa kwa simu?"

Nilimjibu kwa ukali, naye hakustahili. Aliazimu kwenda mwenyewe kuomba radhi, kisha akakumbuka kwamba kumwona tu kungemwaibisha mama mara ya pili. Tangu siku hiyo nikishika simu kurekodi, hutoka nje hadi kwenye lango, na kama ana kikohozi hukikohoa huko huko. Mtu mzima, kwake mwenyewe, anajificha kutoka kwa mama mkwe aliye kaunti nyingine.

Nilifuta ile sauti. Nilikwenda Rusinga nikabandua mraba nyuma ya mlango, nikabadilisha pazia, nikahamisha kitanda. Wapi. Mama alisahau mume wangu anaitwa nani. Alisahau hata kwamba mimi nimeolewa. Ila akifika kwenye mlango wa chumba chake alisimama, akajifunika kichwa kwa leso, akageuka. Tukimwuliza kuna nini anasema mle kuna mtu wa kuheshimiwa. Ni nani? Hajui. Kila kitu kilikuwa kimetoka kichwani mwake isipokuwa adabu, na adabu hiyo ndiyo ikamfukuza katika chumba alichozalia watoto wake wote. Tulimtandikia sebuleni. Ningeweza kumwomba msamaha mtu anayekumbuka kosa. Huyu alikuwa amebaki na aibu peke yake, na aibu hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia.

Nilianza kwenda mara nyingi zaidi. Kila nikipata Jumapili nilipita Homa Bay, nikaingia Mbita, nikavuka hadi kisiwani, na kila mara mama alichukua muda mrefu zaidi kunitambua. Mwanzoni ilikuwa ni kumkumbusha kidogo tu. Baadaye nilikaa naye hadi karibu na saa ya kurudi ndipo aseme, "Kumbe ni wewe." Halafu ikafika siku ambayo saa ya kurudi ilifika na hakusema.

Siku hiyo ndiyo niliyoharibu. Wifi alikuwa anampa uji wa mchana, akauskani mraba wa jikoni kama kawaida yake. "Mama, ni mimi," sauti ikaanza. Nikaona uso wa mama ukifunguka kwa furaha niliyoisafiria tangu alfajiri na kuikosa. Nilikuwa nimekaa kando yake, goti langu limegusa lake. Nikasema, "Mama, ni mimi huyo." Akaniwekea kidole mdomoni. "Nyamaza, nyara anaongea."

Basi nikaamua kumthibitishia. Maneno yale nayajua, niliyatunga mwenyewe. Nikaanza kuyasema pamoja na simu, neno kwa neno, nikimtazama usoni ili aone mdomo unavyokwenda. Nimekupikia. Kula pole pole. Nipo hapa. Mama aliangalia simu, akaangalia mdomo wangu, akarudi kwenye simu. Furaha ilimtoka. Alivuta kiti nyuma.

"Kwa nini unamwiga?" aliniuliza. "Mtoto wa watu amekukosea nini?"

"Simwigi! Mimi ndiye! Mama, mimi ndiye!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilimshika mabega, nadhani nilimtikisa, na mama akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni. Wifi aliweka bakuli chini, akanishika mkono, akanitoa nje. Hajawahi kuniinulia sauti tangu aolewe nyumbani kwetu na hata siku hiyo hakuinua.

"Ule wa simu halii," aliniambia. "Wewe ukikuja unalia. Unamshikashika. Unamuuliza mimi ni nani, mimi ni nani, kama mwalimu. Ule wa simu hamuulizi swali hata moja. Kama ungekuwa ni wewe mgonjwa, ungechagua nani?"

"Nitaibandua yote," nikasema. "Leo hii."

"Bandua." Alijipangusa mikono kwa gauni. "Halafu ubaki hapa umlishe."

Sikubandua. Nilisimama pale uani, kuku wakinipita miguuni, nikitafuta mtu wa kulaumu na nikiwakosa wote. Wifi alikuwa na haki. Mama alikuwa na haki. Kazini walikuwa wananingoja Jumatatu, watoto walikuwa na shule, na mume wangu, pamoja na wema wake wote, asingeweza kunipa mama yangu nikae naye. Nilirudi Migori.

Tena ikawa mbaya zaidi, maana wifi alihitaji sauti mpya. Mama alizichoka za zamani, au alizisikia mpaka zikaacha kumfungua mdomo. Kwa hiyo nikaendelea kurekodi. Kila juma nilikaa kwenye kiti kile kile, mume wangu amekwenda langoni, nami nikamtengenezea yule mwanamke maneno mengine ya upole. Nilimchukia. Nilijua pumzi zake zote, nilijua ni wapi alipomeza mate, na nilimwonea wivu ambao sikuwahi kumwonea mwanamke yeyote, hata wakati wa ujana wangu. Yeye ndiye aliyekuwa binti. Mimi nilikuwa mtu wa kumpelekea mzigo.

Mara ya mwisho nilipokwenda, Jumapili iliyopita, nilijiambia sitalia na sitauliza swali. Wifi alikuwa bado kanisani. Mama alikuwa amekaa nje ya jikoni, kavaa safi, kakonda. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri sana, kwa ile heshima anayowapa wageni. Alinionyesha kiti. Aliniuliza nimeolewa wapi, nikamwambia kwa Wakuria, akasema ni mbali lakini watu wa huko ni watu. Aliniuliza kama nina mama. Nikasema ninaye.

"Una ile simu ya kupangusa?" aliuliza.

"Ninayo."

Aliinuka, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. Aliniongoza hadi jikoni, akaniweka mbele ya mraba, akaugusa kwa kidole cha shahada taratibu, kama mtu anayebisha hodi asimwamshe aliyelala. "Mwanangu yuko hapa," alisema. "Mimi sijui kumfungulia. Nisaidie."

Niliuskani. Mtandao ulizunguka kidogo, kisha akaongea, yule mpole, mwenye subira. Mama, ni mimi. Umeamkaje? Kula kidogo, nakuja, niko njiani. Mama alisikiliza ameshika mashavu yake mwenyewe. Mimi nilishikilia simu kwa mikono miwili, na nikafunga mdomo, maana nilikuwa nimejifunza.

"Umemsikia?" aliniambia sauti ilipokwisha. "Hakuna siku amenisahau."

"Nimemsikia."

"Ana roho nzuri."

"Ndiyo, mama."

"Amesema anakuja." Akatazama huku na huku, akaanza kushughulika. Alichukua ufagio, akausimamisha, akainua sufuria akaichungulia ndani, akairudisha. Kisha akanigeukia, na niliona alikuwa anaona haya kwa alilotaka kusema. "Mgeni wangu, usiudhike. Ningekuweka ule chakula. Lakini nyumba yenyewe ni ndogo, chumba kimoja kina mtu wa heshima, na mwanangu anakuja kutoka mbali. Siku nyingine, eh?"

Nilichukua mkoba wangu. Alinisindikiza, kama alivyotufundisha kwamba mgeni hasindikizwi kwa macho. Tulitembea polepole kupita mtama, ameushika mkono wangu, akinieleza habari za huyo binti, jinsi alivyokuwa mkali utotoni na jinsi alivyotulia alipokua. Tulipofika langoni aliniachia mkono.

"Ukikutana naye njiani," alisema, "mwambie aharakishe. Mwambie nimechoka kungoja."

"Nitamwambia."

Alisimama pale langoni, leso mabegani, akinitazama niende. Nilifika barabarani nikageuka, bado amesimama, akanipungia mkono niendelee. Nikaendelea, kwa sababu sikujua mgeni aliyekwisha kusindikizwa anarudije.